Mbuzi Waliouzwa kwa Simu

Kabla hamjaniuliza, acheni niwaambie: sina habari na hivyo vimashine vyenu vya kutoa risiti. Mnavivaa shingoni, mnabonyeza, vinatapika karatasi ambayo ukiiacha juani maandishi yanafutika. Sawa. Mimi nilikuwa na daftari la risiti lenye kaboni, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibiwe, na kopo la rangi nyekundu. Nilitoza ushuru wa mifugo sokoni Mwingi tangu nikiwa na mtoto mmoja mgongoni mpaka mgongo wenyewe ukakataa kazi. Na nimechoka, nasema nimechoka, kusikia vijana wa kaunti wakisema kwamba lililowapata wao halijawahi kumpata mtu.

Lenyewe ni hili. Mnasema watu siku hizi wanauza viatu, nguo, hata maharagwe, kwenye intaneti. Hawana kibanda, hawana meza, hawatoi ada ya soko. Mnazunguka sokoni mnamkuta mama wa nyanya peke yake, basi mnamtoza yeye. Halafu mnaitwa semina, mnarudi na mafaili mazuri na chupa za maji, mnasema tunangoja sheria ya kutoza biashara ya intaneti, ikija kaunti itapata pesa. Ngojeni. Mimi niliingoja sheria ya namna hiyo miaka ambayo baba zenu walikuwa wanavaa kaptura, na nitawaeleza ilipokuja ilifanya nini.

Zamani hizo hakukuwa na kaunti hizi zenu. Kulikuwa na baraza la wilaya, tukiliita kanso. Kanso ilikuwa na kisima cha injini pale pale soko la mifugo. Injini ya dizeli, ya kuwashwa kwa kuzungusha mpini, ukikurudi unakuvunja kifundo cha mkono. Kando yake kulikuwa na hori refu la saruji la kunyweshea wanyama, na mabomba matatu ya akina mama wa mjini. Madiwani waliamua, na nadhani ndilo jambo la pekee la akili waliloamua wakati wangu, kwamba ushuru wa mifugo wa soko letu hauendi kokote mpaka ununue dizeli na kumlipa mtu wa injini. Ilikuwa hivyo tu. Mbuzi akiuzwa, maji yanatoka, na asipouzwa tunatazamana. Hakukuwa na mfuko mwingine.

Na mtu wa injini alikuwa Nzioka, mume wangu. Kwa hiyo kila mbuzi aliyenikwepa alikwepa pia na sukari ya nyumba yangu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Mutua. Alikuwa mtu mfupi, na koti la kanso lilimfika magotini kwa sababu kanso ilinunua saizi moja kwa wote. Siku ya kwanza nilimuuliza nitajuaje kama mbuzi ameuzwa. Ninyi mnacheka, lakini hamjui soko lilivyokuwa. Wafanyabiashara wa kutoka upande wa Garissa, Waislamu wenye mifugo mingi, hawakupatana bei kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi walishikana mikono, wakafunika kwa kitambaa, wakazungumza kwa vidole. Kidole kikibanwa hivi ni mia, kikikunjwa ni hamsini, kiganja kizima ni kitu kingine tena. Wewe uliyesimama kando unaona watu wawili wanatazama mawingu kana kwamba hawana shida na dunia, kumbe chini ya kitambaa wanatoana roho.

"Usiangalie uso," Mzee Mutua aliniambia. "Uso wa mtu wa mifugo ni bure. Angalia kiwiko. Kiwiko kikicheza bado wanavutana. Kikilegea na mwenye mbuzi akaachia kamba, enda na daftari."

Mimi ni mwanamke, nisingeweza kutia mkono wangu chini ya kitambaa cha mwanamume wa kule, wala wa kwetu. Kwa hiyo nilisoma viwiko. Miaka yote hiyo nilisoma viwiko. Nikikaa kanisani mpaka leo naona viwiko vya watu wakati wa sadaka.

Mnyama akishauzwa na ushuru ukalipwa, nilimpaka rangi nyekundu nyuma ya pembe au mgongoni, na askari wa lango akiona rangi anampitisha. Asiyeuza hakulipa kitu. Mzee Mutua alilishikilia hilo sana. Mtu ametoka mbali, kule Nuu, kwa miguu na mbuzi wake, soko limemkataa, utamtoza nini? Ananywesha mbuzi wake pale horini bure, anakwenda zake, wiki ijayo atarudi.

Sasa mwezi wangu wa kwanza nilimwona kijana mmoja mfanyabiashara, jina lake Yusufu, kabla hajaenda Maka akaitwa Haji. Alikuwa na beberu mweupe, mkubwa, mnene, wa kupendeza mno. Yusufu na mzee mmoja walishikana mikono chini ya kitambaa muda mrefu, viwiko vikacheza, vikalegea, wakacheka. Mimi huyo na brashi. Nilimpaka yule beberu mstari mgongoni kama ninapaka ukuta.

Yusufu alinigeukia taratibu. "Mama, umefanya nini?"

"Si umeuza?"

"Huyu ni mjomba wangu. Alikuwa ananieleza kwa vidole bei aliyopata jana Garissa."

Basi mkijua watu wa mifugo mtajua nilichomfanyia. Mbuzi mwenye rangi ana mwenyewe. Hakuna mnunuzi atakayemshika mgongo wala kumfungua mdomo kutazama meno, ni aibu, ni kama kuulizia mke wa mtu. Yusufu alizunguka na yule beberu siku nzima na hakuna aliyemuuliza hata bei. Mzee Mutua akaniamuru nimwoshe kwa mafuta ya taa. Nikaosha. Beberu mweupe akawa wa waridi, akanuka taa ya kandili, na soko lililofuata akarudi bado wa waridi. Tangu hapo, kila tukionana, Yusufu aliniuliza: "Mama Mwende, leo umempaka nani?" Aliniuliza hivyo hata alipokuwa mzee na ndevu zake zimepakwa hina.

Nawaeleza hayo ili mwelewe jambo moja. Kazi yangu yote ilitegemea kuona mahali mauzo yanapofanyika. Palikuwa chini ya kitambaa, ndiyo, lakini kitambaa kilikuwa sokoni, na soko lilikuwa na boma la miiba na lango, na langoni tulikuwa sisi.

Halafu Yusufu, ambaye sasa ni Haji, akavutiwa waya wa simu dukani kwake.

Kabla ya hapo simu ilikuwa ya posta. Ulipanga foleni, ukamwomba mtu wa simu akuunganishie, ukapiga kelele hata watu wa barabarani wakajua shida zako. Hakuna aliyefanya biashara ya mbuzi pale. Lakini Haji alipopata ya kwake, nyeusi, nzito, akaiweka juu ya gunia la mchele, alianza kuzungumza na wenye bucha wa Nairobi kila asubuhi. Wanataka mbuzi wangapi, wa kilo ngapi, kwa bei gani. Akishapatana, anatuma watu vijijini kukusanya wanyama, na wanakusanywa kwenye uwanja kando ya barabara kubwa, mbali na boma letu. Lori linakuja, linapakia, linakwenda. Sokoni hawakanyagi.

Soko la kwanza mbuzi walipopungua nilidhani ni kwaresima. La pili nikadhani kuna ugonjwa wa mifugo. La tatu nikachukua daftari langu nikaenda kwa miguu mpaka kule uwanjani, jua la saa saba, na hasira zangu.

"Haji, hawa ni mbuzi wangapi?"

"Hesabu, Mama Mwende. Macho ni yako."

"Na ushuru wao?"

"Ushuru wa nini? Hapa kuna soko? Unaona boma? Umeona mtu ameshika mkono wa mtu?"

"Lakini wameuzwa."

"Wameuzwa, wallahi sikatai. Jana saa nne. Mimi nilikuwa dukani kwangu, mwenye kununua alikuwa Nairobi. Sasa niambie wewe uliyesoma, mbuzi ameuzwa wapi? Katikati ya waya?"

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Haji hakuwa mwizi. Alikuwa analipa leseni ya duka lake, na wenye mbuzi walikuwa wanapata bei nzuri kuliko ya sokoni, wenyewe walisema. Alikuwa amesoma sheria yetu kuliko sisi. Sheria ilisema ushuru ni wa mnyama atakayeuzwa ndani ya soko. Kwa nini iseme vingine? Walioiandika hawakujua kwamba siku moja mtu atauza mbuzi huku ameketi juu ya gunia.

Nikageuka niondoke. Pale ukingoni mwa uwanja nikaona mbuzi watatu ninaowajua. Mbuzi wa kwangu nawajua, masikio yao tuliyakata pembe tatu upande wa kushoto. Na kando yao, amesimama kama mtu anayengoja mvua, Nzioka.

Mnisamehe kwa yale niliyomwambia, hayafai kuandikwa. Aliyeajiriwa na injini. Aliyelipwa na ushuru. Mshahara wake mwenyewe anaupitisha pembeni ili aokoe shilingi mbili mbili za mbuzi watatu.

"Mama Mwende," alisema, "Haji ndiye aliyepiga simu. Mimi nimesimama tu."

Nilimwuliza kama anajua dizeli inanunuliwa na nini. Akasema anajua, lakini mbuzi watatu hawawezi kumaliza dizeli. Ndivyo kila mtu Mwingi alivyosema. Kila mtu alikuwa na mbuzi watatu.

Basi kanso ikakaa kikao. Mimi niliitwa nieleze. Karani mkuu alikuwa mtu wa miwani, msafi, mwenye kupenda kusoma vifungu kwa sauti hata kama wote tumevisoma. Akasoma kile cha "ndani ya soko" mara tatu. Diwani mmoja akasema tuweke kizuizi barabarani tutoze malori. Akaambiwa barabara ni ya serikali kuu, si yetu, tukiweka gogo tutashtakiwa. Mwingine akasimama, na huyu sitamsahau, akasema kwa kuwa waya wa simu ya Haji unapita juu ya soko letu, basi maneno yanayopita humo yamepita ndani ya soko, na mbuzi wake watozwe. Walijadili hilo. Naapa walijadili mpaka chai ikaletwa. Mmoja akauliza kama waya ni wetu mpaka urefu gani kwenda juu.

Nilinyoosha mkono nikasema dizeli iliyobaki ni ya wiki tatu. Karani mkuu akaniambia jambo hilo liko kwenye ajenda nyingine.

Mwisho wakaandika sheria ndogo. Ilisema mnyama yeyote aliyeuzwa kwa simu atatozwa ushuru kama aliyeuzwa sokoni. Ilikuwa fupi na nzuri, na mimi niliifurahia. Lakini sheria ndogo haianzi kazi mpaka ipitishwe juu, kwa hiyo ikatiwa bahasha, ikaenda.

Mnataka kujua sheria inachukua muda gani? Niulizeni habari za injini. Bahasha ilipoondoka, injini ilikuwa inawashwa kila siku. Mwezi uliofuata ikawa siku tatu kwa wiki. Kisha ikawa siku ya soko tu. Akina mama waliacha mitungi yao kwenye mabomba tangu jana yake kushika foleni, na mitungi ikaanza kuibiana nafasi, na wenye mitungi wakaanza kukosana kanisani. Mwenye hoteli ya chai akapandisha bei. Nzioka akakaa miezi minne bila mshahara, na kila asubuhi alikwenda kuipangusa injini kwa kitambaa, akarudi nyumbani, akaketi. Nilimwuliza anapangusa nini na haifanyi kazi. Akasema ikipata kutu itakuwa kosa lake.

Ndipo barua ikarudi. Ukurasa mmoja na nusu. Karani mkuu akaisoma kwa sauti, bila shaka, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikipungua kadiri anavyosoma. Ilisema wazo letu limepokelewa vizuri. Ilisema ni kweli mauzo ya simu yanafaa kutozwa. Na kwa kuwa mtu hawezi kutozwa mara mbili, mauzo hayo yatahesabiwa yamefanyika mahali mnunuzi anapompokea mnyama wake, na baraza la mahali hapo ndilo litakalotoza.

Yaani Nairobi. Tuliomba sheria, tukapewa sheria. Mbuzi amelelewa kwetu, amekula majani yetu, amekunywa kwenye hori letu, na ushuru wake unalipwa mji ambao atakaa usiku mmoja kabla ya kuchinjwa. Diwani wa waya aliuliza kama tunaweza kukata rufani. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu ningebaki ndani ningemrushia mtu kitu.

Kwa hiyo vijana wangu, mkiambiwa sheria ya intaneti inakuja, msipige makofi kabla hamjasoma mstari unaosema pesa italipwa wapi. Huo mmoja tu. Yale mengine yote ni mapambo.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kibaya. Siku moja Haji alikusanya mbuzi wengi kule uwanjani, wameuzwa kwa simu, wamekamilika, na lori likaharibikia njiani. Asubuhi likawa halijafika, adhuhuri halijafika. Mbuzi walianza kulala chini. Saa tisa nikaona vumbi, na Haji mwenyewe mbele na fimbo, kundi zima nyuma yake linakuja kwenye hori letu. Hori lilikuwa kavu, watoto walikuwa wamelichora kwa mkaa.

"Mama Mwende, washa injini."

"Niiwashe na nini, mate yangu?"

Alielewa. Akasema atatoa dizeli, pipa zima, sadaka kwa ajili ya Mungu. Na mimi, ambaye nyumbani sukari hakuna, nilimkatalia.

"Leo utatoa sadaka," nilimwambia. "Wiki ijayo lori litafika mapema na sadaka itakuwa imekwisha. Mimi siwezi kuendesha maji ya mji kwa huruma yako, Haji. Lipa. Kila mbuzi anayekunywa, thumuni, nusu shilingi. Sitakuuliza ameuzwa wapi. Wala sitaki kujua. Nitauliza tu kama ana kiu."

Haji alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa hori. "Hiyo naielewa," alisema. "Hiyo hata kwenye simu siwezi kuikwepa. Mbuzi hanywi kwa simu."

Nikafungua daftari la ushuru, nikakata neno "mauzo" kwa kalamu, nikaandika "maji" juu yake, risiti moja baada ya nyingine. Alilipa yote. Kijana akatumwa kituo cha mafuta na mkebe. Nzioka aliizungusha injini mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikashika, na ule mlio, jamani, akina mama walitoka nyumbani na mitungi bila kuitwa. Nililia. Sioni haya kuwaambia.

Tangu siku hiyo nikatoza maji. Wa simu, wa sokoni, wa kupita njia, wote. Injini ikarudi kuwashwa kila siku. Nzioka akalipwa. Kisha mkaguzi wa hesabu akapita, akaniandikia barua ya onyo, kwamba nimetoza umma ada isiyo katika sheria na nimeharibu daftari la serikali kwa kukata maneno. Nikaweka ile barua kwenye sanduku. Haikupita nusu mwaka ikaja nyingine, waraka, kwamba masoko yote ya kanso yatoze maji ya mifugo, kila mnyama, bila kubagua, kwa kuwa njia hiyo imeonekana kufaa. Ilitiwa sahihi na karani mkuu yule yule. Hakuna aliyesema imeonekana kwa nani.

Ningeweza kuishia hapo, na mngeniona mwerevu, na wakati ule nami nilijiona hivyo. Mzee Mutua alikuwa amestaafu. Alikuja siku moja kununua ugoro, nikamweleza kwa majivuno. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na asiyeuza?" Nikamwambia maji ni maji, injini haijui nani ameuza. Akasema "haya," akaenda zake. Nilikasirika, nikasema wazee hawapendi kuona kazi ikibadilika.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa soko la mwisho kabla ya mvua za vuli, na jioni inakaribia. Wanyama wa Haji, wengi, walikuwa wamejipanga kwenye hori wanakunywa, wamelipiwa wote. Akaja mwanamke mmoja, nadhani alilingana nami kwa umri, na mbuzi mmoja mwembamba kwa kamba. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Sokoni siku hizo hakukuwa na wanunuzi, wanunuzi walikuwa kwenye simu, na simu haiagizi mbuzi mmoja mwembamba.

"Thumuni," nilimwambia.

"Sijauza."

"Najua. Ni ya maji, si ya kuuza."

"Zamani nikikosa soko ulikuwa unaniacha ninyweshe."

"Zamani wenye kuuza walikulipia bila wewe kujua. Siku hizi kila mtu na mnyama wake."

Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. Hakupaza sauti. "Sasa nilipe na nini, mwenzangu? Pesa ni huyu mbuzi mwenyewe."

Nyuma yake kulikuwa na wengine sita au saba ambao hawakuuza, wamesimama na kamba zao wanangoja waone nitafanyaje. Nikajua nikimwachia yeye nitawaachia wote, na wiki ijayo wataongezeka, na Haji naye ataniuliza kwa nini yeye analipa. Nikamwambia sheria ni moja kwa wote. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya karani mkuu.

Alivuta kamba, mbuzi akakataa, amesikia harufu ya maji, akakaza miguu minne chini. Akamvuta tena. Kisha akainama, akamwinua, akamweka mabegani kama kuni, akashika njia ya Nuu. Wale wengine wakageuka nao, mmoja mmoja.

Nilibaki nikiandika risiti za mbuzi wa Haji. Hori lilikuwa limejaa mpaka likamwagika. Mfukoni mwa aproni yangu, mbali na pesa za kanso, nilikuwa na shilingi tatu zangu mwenyewe nilizokuwa nimeweka za mkate. Zingewatosha wanyama sita, pamoja na yule mmoja. Sikuzikumbuka mpaka yule mama alipokuwa amepita posta, na nilipokimbia mpaka barabarani nikaita, hakukuwa na mtu wa kuniitikia.